Jina Nililolizuia Siku ya Wafanyakazi

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili jioni

Mwanangu Zaina,

Nisamehe kwa ukimya wangu. Watu huombana radhi ya namna hii wanapokuwa mbali, njia zimefungwa na barua hazifiki. Mimi ninakuomba radhi ilhali uko upande wa pili wa ukuta huu, na ninakusikia ukibishana na mama yako juu ya blanketi litakavyoingia sandukuni. Tangu Siku ya Wafanyakazi ya mwaka jana tumeishi katika nyumba moja na kufanya kazi katika karakana moja, tukisema yale tu yasiyoepukika. Nipe spana. Mlango umefungwa? Chakula tayari. Wewe ulisema neno lako mara moja, nami sikulijibu. Leo ninalijibu, na kwa kuwa ulimi wangu huwa mgumu mbele yako, ninaandika.

Kesho asubuhi utapanda basi la Gitega, katika msafara unaosindikizwa na wanajeshi, uende kufundisha ufundi wa magari katika shule ya huko. Sitakuandikia habari za sweta wala za kiti utakachokalia. Mama yako amekwisha kukwambia hayo, na ambayo hakukwambia ameyafunga kwenye mizigo.

Ninataka kukuandikia juu ya cheo chako, kwa sababu jambo hilo bado halijakwisha. Gitega wanakupokea kama msaidizi wa karakana, maana ndivyo unavyoitwa hapa. Msaidizi hana darasa lake. Hukaa nyuma ya mwalimu, humpa vyombo, na kikaoni haulizwi neno. Unajua kwamba katika shule yetu msaidizi anaweza kupandishwa kuwa mwalimu bila kurudi chuoni kwa njia moja tu, nayo ni kuchaguliwa mfanyakazi bora wa shule Siku ya Wafanyakazi. Mwaka jana ulistahili. Aliyezuia ni mimi, mbele ya watu wote, na wakati ule niliona fahari kufanya hivyo.

Siku hizi ninaikumbuka sana karakana ilivyokuwa kabla ya vita. Wewe ulikuwa mdogo, ukinifuata siku za Jumamosi na kukaa juu ya tairi kuukuu. Jiliwa, zile za kubania vyuma, zilipangwa kwenye meza ndefu, zikipakwa mafuta kila Ijumaa. Wanafunzi walikuja kutoka Cibitoke, Kinama, Mutanga Nord na Nyakabiga, na hakuna aliyeuliza mwenzake analala wapi. Saa ya mapumziko walinunua sambusa kwa Mama Hadija hapo ng'ambo ya barabara, wakazila kwa mikono iliyojaa grisi, nami niliwakemea. Sasa ningetoa mengi ili niwakemee tena kwa sababu hiyo tu.

Kisha mitaa ikagawanyika. Watu wa kabila moja wakabaki upande huu, wa kabila la pili upande ule, na kijana aliyekosea njia hakurudi. Buyenzi yetu ikabaki ya wote. Nafikiri ni kwa sababu hapa mtu huulizwa kwanza anatengeneza nini, kisha ndipo huulizwa yeye ni nani. Shule iliendelea kufunguliwa, lakini wezi waliingia karakanani wakati wa msukosuko wa kwanza, wakabeba jiliwa, seti za spana, hata mlango wa stoo. Ilibaki injini moja ya pikapu, juu ya kitako chake cha chuma, kwa sababu ilikuwa nzito.

Ni wewe uliyesema kwamba wakirudi wataifungua vipande vipande. Ulikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, msichana peke yako darasani. Ukapendekeza kila jioni tuondoe vyote vinavyobebeka mkononi, na kila mwanafunzi achukue kimoja nyumbani: kabureta, delko ile inayogawa moto kwa plagi, starta, dinamo, pampu ya mafuta. Asubuhi kila mmoja angerudisha chake na kukifunga mwenyewe. Nilisema mali ya shule hailali nyumbani kwa mtu. Nikafikiri usiku kucha, na kesho yake nikasema mjaribu. Wezi walirudi kweli, wakaikuta injini imekuwa chuma kitupu, wakaiacha.

Hivyo ndivyo tulivyofundisha miaka yote hii. Ulipohitimu nikakuchukua kuwa msaidizi wangu, na kila asubuhi ulisimama mlangoni ukiwapokea. Mimi, ambaye nililelewa Ujiji na kufundishwa na mwalimu asiyestahimili sentensi iliyovunjika, niliwalazimisha kutoa taarifa kamili.

"Mwalimu, mi naleta delko. Iko muzuri."

"Sema vizuri, Nestori. Delko iko katika hali gani?"

"Delko imelala chini ya kitanda, mwalimu. Haina kitu, ila mama aliiogopa."

Wote walicheka, nawe ulicheka, ukageuza uso ili nisikuone. Nilikuona.

Nestori huyo wa Cibitoke ndiye aliyenifundisha kwamba sikujua kufundisha. Kwangu mimi, mwanafunzi aliyekosea alitolewa kwenye injini, akasimama ukutani na kutazama wenzake. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo, na nilidhani ndiyo njia. Unaikumbuka asubuhi ile Nestori alipoifunga delko ikiwa imegeuka? Injini ilipiga mshindo mmoja mkubwa, kisha wa pili. Darasa zima lililala chini. Nje, milango ya maduka ya vipuri ikashuka kwa kelele, mmoja baada ya mwingine, mpaka kule msikitini. Mama Hadija alijitupa chini ya meza yake, na karai likapinduka. Wanajeshi wa doria hawakuchelewa.

"Nani amepiga risasi hapa?" aliuliza sajini.

"Si risasi, shefu," Nestori alijibu, akiwa bado chini. "Ni mimi."

"Ni wewe risasi?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema kwamba kijana huyu hatarudi katika shule yangu. Nilitaka kuwaridhisha wale watu wenye bunduki, waone kwamba hapa pana nidhamu. Wewe ukatangulia.

"Ni masomo, afande. Moto umekuja kabla ya wakati wake. Nestori, inuka umwonyeshe shefu."

"Apana, dada Zaina. Mi siigusi tena."

"Utaigusa. Aliyeifunga ndiye anaifungua."

Aliinuka. Alifungua delko, akaigeuza, akaeleza kila alichofanya na kwa nini mara ya kwanza alikosea, na sajini akasimama karibu kama mwanafunzi mwingine. Injini iliwaka, ikatulia. Sajini alisikiliza kidogo, akasema, "Gari yetu ya doria nayo iko inakohoa namna hii kila asubuhi."

"Muilete," ukamwambia. "Wanafunzi watajifunzia."

Waliileta. Nestori ndiye aliyeitengeneza. Mama Hadija alipofika mlangoni akiwa na karai lake, alinitazama mimi, si wewe. "Mwalimu, sambusa zangu zote ziko mu mavumbi. Nazo injini yako itazikula?" Darasa likacheka mpaka likatoa machozi, na nadhani si kwa sababu ya sambusa.

Siku hiyo nilipaswa kukwambia jambo. Nilikwambia ufagie.

Kisha kukaja yale majuma ambayo Kinama ilifungwa. Kabureta ilikuwa kwa Salvatori, na Salvatori alikuwa Kinama, na kila usiku tulisikia mizinga upande ule. Fundi jirani alijitolea kutuazima kabureta nyingine. Nilikubali, maana mtihani ulikuwa unakaribia. Wewe ulikataa. Uliniambia polepole, pembeni, wasisikie, "Baba, tukifunga nyingine leo, tumekubali kwamba harudi."

Nilikuacha ufanye utakavyo kwa sababu niliamini ungeshindwa. Uliwasimamisha kuizunguka injini, kila mmoja mahali pake, ukawaambia waeleze kwa mdomo kazi ya kifaa chake, kwa mpangilio, tangu mtu anapogeuza ufunguo. Mafuta yanatoka tangini. Pampu inayavuta. Ilipofika zamu ya kabureta, mahali pa Salvatori palikuwa wazi, nanyi nyote mlinyamaza kwa muda ule ambao angesema, kisha mkaendelea. Kila siku mlifanya hivyo. Nilikuwa nimekaa mezani kwangu, nikiona mchezo wa watoto. Nilidhani mnapoteza muda. Lakini siku moja nilijikuta ninayasema maneno ya kabureta moyoni, katika ule ukimya, na nilipowatazama nikaona midomo yao nayo inacheza. Walikuwa wamejifunza kifaa cha mwenzao zaidi kuliko walivyokijua akiwapo.

Salvatori alirudi amekonda, hana viatu miguuni, kabureta imefungwa katika kitenge cha mama yake. Hakusalimia. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akasema kwa Kiswahili ambacho mwalimu wangu wa Ujiji asingekisahihisha, "Kabureta imesafishwa, ni kavu, haina ufa." Nestori wa Cibitoke akamshikia spana, Salvatori wa Kinama akafunga. Wewe hukugusa kitu. Ulisimama mikono nyuma.

Huo ndio ualimu, mwanangu. Niliuona kwa macho yangu, nami nikaenda kunawa mikono.

Siku ya Wafanyakazi ilipofika, ilifanyika kama kawaida: viti uani, fanta, hotuba, kila kitengo kupendekeza mtu wake, na wanafunzi kuruhusiwa kusema. Salvatori alisimama, akataja jina lako. Nestori akasimama, akalitaja. Darasa zima likasimama. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati, kwa sababu ya umri wangu, na nilisema maneno ambayo nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi: "Jina la mwanangu halitajwi katika kamati ninayoiongoza."

Nieleze sababu, ingawa si kisingizio. Katika miaka hii kila ofisi ya mji huu ilinong'onwa kwamba inawapendelea watu wake. Huyu amepewa kazi kwa sababu ya shangazi, yule ametolewa kwa sababu ya kilima alikozaliwa. Nilitaka pawe na mahali pamoja ambapo hakuna atakayesema hivyo. Niliona kwamba nikikunyima wewe, nitakuwa nimewaonyesha wote jinsi haki ilivyo. Watu walipiga makofi, wakanisifu, nami nilirudi kitini nikiwa nimenyooka kama askari. Sikufahamu kwamba nilichofanya ni kilekile walichofanya wengine. Nilitazama umezaliwa na nani, nikaamua.

Zawadi ilikwenda kwa Mwalimu Pasikali wa useremala, ambaye ni mtu mwema na hakuiomba. Unakumbuka alivyokuja nyumbani jioni ile, akasimama mlangoni asitake kuingia.

"Zaina, dada yangu," alisema, "hii cheti ingekuwa na miguu, ingetoka kwangu yenyewe ikaja hapa."

"Keti unywe chai, mwalimu," ulimjibu. "We umefanya kazi. Hukuniibia."

Alipoondoka, ulitundika ovaroli yako msumarini, ukaniambia bila hasira, "Baba, mi siombi zawadi. Nauliza tu kama uliona."

Nikachukua redio nikasikiliza habari.

Unapaswa kujua kwamba ladha ya kazi ya mtu kuonekana ninaijua, na ndiyo maana sina udhuru. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi katika gereji ya Mgiriki mmoja, mtu mkali aliyekagua kila nati na hakusifu mtu. Siku moja aliniachia breki za lori nizitengeneze peke yangu, kisha akapanda nami kulijaribu mpaka Bugarama. Kurudi, unajua ule mteremko, kona juu ya kona na bonde upande mmoja. Mimi nilishika usukani, jasho likinitoka. Tulipoanza kuteremka, mzee yule alivuta kofia usoni, akalala. Alikoroma mpaka tulipoingia mjini. Hakuniambia kitu, wala hakuwa na haja. Nililiendesha lile lori nikihisi kwamba hakuna mfalme anayenizidi, na nimekula chakula cha usingizi ule mpaka leo. Kila kazi ngumu iliyonijia, nilijiambia kwamba kuna mtu aliyewahi kulala kwenye breki zangu.

Nimefundisha vijana wengi, na sikumbuki kumpa hata mmoja usingizi wa namna hiyo. Niliwapa marekebisho. Waliyapokea kwa adabu na wakawa mafundi wazuri, lakini wakikutana nami barabarani huficha mikono kwanza, kama kwamba nitaikagua. Wewe wanakukimbilia. Ukiwa na darasa lako, uwe mkali juu ya nati, sitakuzuia, maana gari halina huruma. Lakini mtu akifanya vema, mwambie wakati mikono yake bado ina mafuta. Ukingoja sherehe, atakuwa ameshanawa, na sifa itamkuta mtu mwingine. Jambo hili nimelijua nikiwa na mvi, na limenigharimu mwaka mzima wa sauti yako.

Sasa nikueleze nilichofanya, maana utakisikia kwa wengine na watakupa nusu tu. Ijumaa nilikwenda kwa mkurugenzi nikarudisha uenyekiti wa kamati. Nilimwomba jina lako lijadiliwe mwaka huu, kwa kazi uliyoifanya, hata kama utakuwa umeshaondoka. Alivua miwani.

"Mzee," aliniambia, "mwaka jana ulitukataza kumtaja kwa sababu ni mwanao. Mwaka huu unataka tumtaje kwa sababu ni mwanao?"

"La," nilimjibu. "Mwaka huu ninataka mimi nisiwepo."

Alicheka kidogo, lakini hakukubali. Alisema zawadi huwatia moyo wanaobaki, na kwamba kumpa mtu anayekwenda Gitega ni kumwagilia shamba la jirani. Walimu wengine wawili wana maoni hayohayo, na si maoni ya kijinga. Wapo pia wanaosema kwamba mzee amejuta, kwa hiyo shule nzima inatakiwa kulipa majuto yake. Hilo nalo si uongo mtupu. Pasikali amepokea uenyekiti na amesema wanafunzi watasikilizwa kwanza, kabla ya walimu. Salvatori na Nestori wameomba nafasi. Sikuwaomba mimi, na nimewakwepa tangu Ijumaa ili asiwepo wa kusema kwamba niliwafundisha la kusema.

Kamati inakaa Alhamisi. Siwezi kukuahidi kitu, na sitaki ufike Gitega ukiwa umebeba matumaini niliyokupa mimi kama fidia. Wakikupa, karatasi itatumwa kwa mkurugenzi wa huko na utaanza kama mwalimu. Wasipokupa, utaanza nyuma ya mtu mwingine, ukimpa spana, na utakuwa na haki ya kunikasirikia kila asubuhi. Ukifika hapo, kasirika. Usinifichie kwa sababu ni mzee.

Jibu la swali lako ni hili. Niliona. Niliona siku ya sajini, niliona siku zile za mahali palipokuwa wazi, niliona mikono yako nyuma Salvatori alipokuwa akifunga. Umenizidi katika kazi yangu mwenyewe, Mama. Ninakuita hivyo kwa sababu una jina la mama yangu, na kwa muda mrefu nimekuwa ninalitaja jina hilo kukuagiza tu.

Mama yako amegonga mara mbili anataka taa. Kesho nitakusindikiza mpaka kwenye basi, na huenda pale nikakosa maneno tena, nikaanza kukagua tairi za dereva. Unistahimili. Mwenyezi Mungu akupitishe salama katika njia hiyo na akufikishe kwa watu wema.

Alhamisi nitakaa uani pamoja na wanafunzi, nje ya mlango, mahali ambapo sijawahi kukaa. Pasikali akitoka na uamuzi, nitakuandikia kabla sijarudi nyumbani, na barua nitampa dereva wa kwanza anayepanda Gitega. Liwe jina lako au la mwingine, utalisoma kwa mwandiko wangu.

Baba yako